Nyota Nyekundu Mbele ya Jina la Baba

Fomu ilikuwa imebakiza ukurasa mmoja. Tulikuwa kwenye kompyuta tangu mchana, mimi na msichana wa miaka 19 mwenye matokeo mazuri kuliko niliyokuwa nayo mimi katika umri wake. Tulishaingiza namba ya mtihani, tukapandisha cheti na picha, tukachagua kozi tatu kwa mpangilio alioufikiria kwa wiki nzima. Kisha tukafika kwenye kisanduku kilichoandikwa "Jina kamili la baba", na pembeni yake nyota ndogo nyekundu, ile inayomaanisha hapa haparukwi. Akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Mwalimu, hapa niandike nini?"

Amelelewa na bibi yake. Baba hajawahi kumwona, hajui kama yu hai, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa sehemu hiyo ina mstari tu. Tukaiacha wazi, fomu ikagoma. Tukaandika "hayupo", ikakubali, lakini kisanduku kilichofuata kikadai namba ya simu ya huyo asiyekuwepo, halafu kazi yake, halafu kipato chake kwa mwaka. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa saa 6 usiku siku hiyohiyo. Nilimtazama akisoma yale maandishi mekundu mara ya tatu, ya nne, na niliona uso wake ukibadilika. Mpaka muda ule alikuwa mwombaji kama wengine. Sasa fomu ilikuwa inamwambia kwamba kuna kitu kimepungua kwake.

Nimekuwa nikiwasaidia vijana kuomba nafasi za vyuo kwa miaka mingi, jioni na mwisho wa juma. Nikiulizwa kinachowazuia watoto wa familia maskini, yatima, wakimbizi, wenye ulemavu, watu hutegemea niseme ada. Ada ni kikwazo kweli, na wapo niliowaona wakirudi nyumbani kwa sababu ya ada peke yake. Lakini kinachonikaa moyoni ni ile nyota. Karibu kila fomu ya chuo niliyoiona imetungwa na mtu aliyeamini kwamba nyuma ya kila mwombaji yupo mtu mwingine: mzazi mwenye jina, simu, kazi, sahihi, na muda wa kushughulika. Kijana aliye na mtu huyo haioni kabisa imani hiyo, anaita, "Mama, hapa wanataka nini?", anajibiwa, anaendelea. Asiye naye anagongana nayo kila ukurasa.

Mimi nililijua hili kabla sijaanza kusaidia mtu yeyote. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kukubaliwa chuoni. Barua ilipofika ilisomwa kwa sauti, watu wakalia, kisha ikawekwa kwenye sanduku la nyaraka muhimu, pamoja na hati na vyeti vya watu wote wa nyumbani, isije ikachafuka. Ukurasa wa pili wa barua ile ulikuwa na mistari miwili iliyosema nithibitishe nafasi yangu kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Tuliisoma mistari ile. Hatukuielewa kama sharti. Kwa akili zetu, aliyekubaliwa amekubaliwa. Siku ya kufungua chuo nilifika na begi langu, na karani akaniambia kwa upole kwamba nafasi yangu alishapewa mtu mwingine.

Nilirudi mwaka uliofuata, nikasoma, nikamaliza. Lakini mwenzangu tuliyekaa dawati moja, mwenye alama sawasawa na zangu, hakupoteza hata siku. Mama yake alikuwa mwalimu wa chuo. Barua yake ilisomwa jioni, asubuhi ikajibiwa. Simwonei wivu, ni rafiki yangu mpaka leo. Ila nimeufikiria sana mwaka ule mmoja, kwa sababu hakuna mahali popote ulipoandikwa kuwa ni kikwazo. Kwenye kumbukumbu za chuo, mimi ni mtu aliyepewa nafasi akaiacha.

Ndiyo maana nakerwa na ile kauli kwamba familia hizi "hazina mwamko wa elimu". Nimeisikia kwenye mikutano, kwa watu wenye nia njema. Nyumbani kwetu barua ya chuo ilihifadhiwa kama hati ya ardhi. Mwamko ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyewahi kuiona barua ya namna ile.

Wengine husema basi, tuwape taarifa. Tuchapishe vipeperushi, tuweke maelezo kwenye tovuti. Kwa hao huwa nawasimulia utafiti uliofanywa Marekani na Eric Bettinger, Bridget Terry Long, Philip Oreopoulos na Lisa Sanbonmatsu. Kule, mwanafunzi anayetaka msaada wa fedha za masomo kutoka serikali kuu lazima ajaze fomu iitwayo FAFSA, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na maswali zaidi ya 100 kuhusu kipato, kodi na mali za familia. Watafiti hawa walikwenda kwenye ofisi za H&R Block, kampuni inayowajazia watu ritani za kodi, kwa hesabu rahisi sana: familia ikishamaliza mambo ya kodi, taarifa nyingi zinazohitajika kwenye FAFSA tayari ziko kwenye kompyuta. Wakazigawa familia zenye kipato cha chini na cha kati kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisaidiwa kuijaza papo hapo, kazi ya dakika chache tu. Kundi jingine lilipewa maelezo: makadirio ya msaada ambao wangestahili, na kuhimizwa wakajaze wenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Miongoni mwa watoto waliokuwa wakimaliza sekondari, waliokamilisha miaka miwili ya chuo ndani ya miaka mitatu iliyofuata walipanda kutoka asilimia 28 hadi asilimia 36, kwa sababu tu mtu alikaa na wazazi wao akajaza fomu. Na wale waliopewa maelezo bila msaada wa kujaza? Hakuna kilichobadilika kwao.

Niliposoma hivyo kwa mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje. Miaka yote nilikuwa nikijilaumu kwamba ninatumia muda mrefu mno kwa kijana mmoja mmoja, kwamba ningeandika mwongozo mzuri ningewafikia mia. Kumbe kule kukaa kando ya mtu, kumngoja atafute namba, kumwambia "hapo ni sawa, endelea", ndiyo kazi yenyewe. Baadaye watafiti wengine nchini humohumo walijaribu kutuma jumbe za kukumbusha na kuhimiza kwa wanafunzi zaidi ya 800,000, na idadi ya walioingia chuo haikusogea. Ujumbe wa simu usiotoka kwa mtu unayemjua ni kipeperushi kingine tu.

FAFSA inanigusa kwa sababu nyingine pia. Chini ya sheria zake, mwombaji ambaye hajatimiza miaka 24 huhesabiwa kuwa tegemezi wa wazazi, isipokuwa awe na mojawapo ya sababu zinazotambuliwa, kama ndoa, kuwa na mtoto anayemtunza, au kuwa yatima. Kijana aliyekimbia nyumba yenye kipigo, ambaye mama na baba wako hai, inabidi amwombe afisa wa chuo amtazame kwa jicho la pekee, na apeleke barua za watu wanaothibitisha maisha aliyoyapitia. Yaani ili usaidiwe kwa kukosa wazazi, sharti uwasimulie wageni kwa nini huna wazazi. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilikuja na fomu mpya, fupi zaidi, jambo jema kabisa. Lakini badala ya kufunguliwa Oktoba kama ilivyozoeleka, ilifunguliwa mwisho wa Desemba, na kwa muda mrefu wanafunzi ambao wazazi wao hawana namba ya hifadhi ya jamii, namba ya utambulisho ambayo wahamiaji wengi hawana, walishindwa kuikamilisha. Watoto waliozaliwa humo humo, raia kamili, walikwama kwa sababu ya kisanduku cha mzazi. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka msichana wangu na mikono yake ikiwa juu ya mapaja.

Kuna kizuizi kingine ambacho huwezi kukipiga picha, nacho ni kijana kujitoa mwenyewe kabla hajakataliwa. Caroline Hoxby na Christopher Avery walionyesha mwaka 2013 kwamba wengi wa wanafunzi wa Marekani wenye ufaulu wa juu kabisa wanaotoka familia maskini hawaombi hata chuo kimoja kati ya vile vinavyochagua kwa ukali, ingawa vyuo hivyo mara nyingi vingewagharimu pesa kidogo zaidi kuliko vile wanavyoviomba, kwa sababu vina fedha za kuwasaidia. Nawafahamu hawa vijana. Ukimuuliza kwa nini hakuomba udaktari wakati alama zinaruhusu, atakujibu kwa heshima, "Nimeona niombe ninayoweza kuipata." Hajakataliwa na mtu. Amejikatalia kwa niaba yao.

Chuo Kikuu cha Michigan kilijaribu dawa ya ugonjwa huu. Kiliwaandikia wanafunzi wa jimbo hilo wenye ufaulu mkubwa na familia maskini, kwa bahasha nzuri ya rangi za chuo, kikiwaahidi kwamba wakikubaliwa watasoma miaka minne bila ada. Ahadi haikuwa na fedha mpya. Wengi wao wangepata msaada uleule hata bila barua, lakini baada ya kujaza makaratasi na kusubiri. Walioomba walipanda kutoka asilimia 26 hadi 68. Walioingia wakaongezeka zaidi ya mara mbili, kutoka asilimia 12 hadi 27. Susan Dynarski na wenzake waliofanya kazi hiyo walichobadilisha ni kitu kimoja: uhakika kabla ya kuomba. Mwenye akiba nyumbani anaweza kujaribu bahati, maana akikosea kuna pa kuangukia. Asiye na akiba huona "labda utapata" na "hutapata" ni neno moja, na sidhani kama anakosea.

Ukitaka kuona kwamba kufuta ada hakutoshi, tazama Brazil. Vyuo vikuu vya serikali ya shirikisho havitozi ada. Hata hivyo, kwa muda mrefu nafasi katika kozi zinazogombaniwa, kama udaktari na sheria, zilichukuliwa kwa wingi na watoto waliosoma sekondari za kulipia, waliofundwa kwa ajili ya mtihani wa kuingia. Wazazi walilipa ada ya sekondari ili watoto wapate chuo cha bure, na mtoto wa shule ya umma alibaki akikitazama chuo cha bure kutokea nje ya ukuta. Mwaka 2012 ilipitishwa sheria namba 12.711 iliyotenga nusu ya nafasi kwa waliosoma sekondari za umma, na ndani ya nusu hiyo sehemu kwa wenye kipato kidogo na kwa Weusi, machotara na wenyeji wa asili kulingana na idadi yao katika jimbo. Wenye ulemavu waliongezwa mwaka 2016. Kulikuwa na kelele nyingi kwamba viwango vitashuka. Mimi naiunga mkono sheria ile bila kigugumizi. Mtihani uliofunzwa kwa pesa haupimi akili peke yake, unapima pia pesa, na anayejifanya haoni hivyo anatetea nafasi yake mwenyewe.

Kuhusu makaratasi ningeweza kuandika mpaka kesho. Herufi moja ikitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha mtihani, kijana anatumwa akatafute hati ya kiapo. Ofisi ya udahili inapokea simu saa za kazi, na yeye saa za kazi yuko kazini, kibarua cha kutwa ambacho ukiomba ruhusa unapoteza siku. Barua pepe iliyosajiliwa ni ya jirani mwenye simu, na majibu yamefika kwa jirani aliyehama.

Lakini wanaoumizwa zaidi na makaratasi ni wakimbizi. Nimewahi kukaa na kijana aliyemaliza sekondari katika nchi aliyoikimbia. Anajua hesabu kuliko walimu wengi ninaowafahamu. Cheti chake kilibaki kwenye nyumba iliyoungua, na shule yenyewe haipo tena, hivyo hakuna wa kumwandikia nakala. "Mwalimu, akili nimekuja nayo," aliniambia, "karatasi ndiyo imebaki." Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi limejiwekea lengo la kufikisha asilimia 15 ya vijana wakimbizi katika elimu ya juu ifikapo mwaka 2030. Chini ya miaka kumi iliyopita hesabu ilikuwa asilimia 1. Katika juhudi zote nilizozisoma, inayonipa faraja zaidi ni hati ya sifa za elimu kwa wakimbizi iliyoanza kujaribiwa na Baraza la Ulaya nchini Ugiriki mwaka 2017. Wataalamu wanapitia nyaraka zozote ulizonazo, kisha wanakaa nawe kwa mahojiano kuhusu ulichosoma, mitihani uliyofanya, walimu walivyofundisha, na mwisho wanatoa hati inayoeleza kiwango chako. Tazama tena: dawa ni mtu kukaa na mtu.

Na kuna yule kijana asiyeona, aliyekuwa akitumia programu ya kumsomea skrini. Sehemu kubwa ya fomu aliijaza mwenyewe, kwa kasi kuliko mimi. Alipofika kwenye masharti ya kozi, programu ikanyamaza. Chuo kilikuwa kimepiga picha karatasi ya masharti kikaipandisha kama picha, na picha haina maneno ya kusomwa. Hatua ya mwisho ikamtaka athibitishe kwamba yeye ni binadamu kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani. Hapakuwa na kitufe cha sauti. Aliponiomba nimbofyee, sauti yake ilikuwa ya chini sana. Alitaka kuituma mwenyewe. Alikuwa ameniambia hivyo tangu asubuhi, kwamba leo ataituma mwenyewe.

Watu hufikiri kijana akishapata barua ya kukubaliwa hadithi imekwisha. Hapo ndipo mimi ninapoanza kuogopa. Benjamin Castleman na Lindsay Page wamechunguza kwa miaka kile kipindi cha kati ya kumaliza sekondari na kuanza chuo nchini Marekani, wakakuta kwamba kati ya asilimia 10 na 20 ya waliokwisha kukusudia kwenda hawafiki, na kwa wenye kipato kidogo huwa zaidi. Hawajafeli, hawajakataliwa. Kuna fomu ya afya, malipo ya kushikilia chumba, akaunti ya kufungua, tarehe ya kuthibitisha. Shule imeshawaaga, chuo hakijawapokea, na katika miezi hiyo hawana mwalimu wa kumuuliza. Mwaka wangu mmoja ulipotelea hapo hapo. Kwa hiyo nina daftari lenye majina na tarehe, na kila tarehe ikikaribia ninapiga simu. Situmi ujumbe. Napiga, nasubiri apokee, namwambia afungue barua tusome pamoja.

Ningekuwa na uwezo wa kuamuru, ningeanza na visanduku. Kila penye "baba" na "mama" pawe na "mlezi", na kila penye nyota pawe na njia ya kusema "sina" bila kuulizwa sababu. Aliyekubaliwa ahesabiwe kuwa anakuja mpaka atakaposema haji, badala ya kuhesabiwa haji mpaka atakaposema anakuja. Na ofisi ya udahili iwe na mtu mmoja anayepokea simu usiku wa mwisho wa maombi. Mmoja tu. Ningemfikia usiku ule.

Kwa sababu usiku ule tulipiga, simu ikaita mpaka ikakatika. Ilipofika saa 5 na dakika 20 msichana alivuta kibodi, akaandika jina la bibi yake kwenye kisanduku cha baba. Namba ya simu, ya bibi. Kazi, mkulima. Kipato, akakisia, kwa sababu bibi hajawahi kukaa akakihesabu kwa mwaka. "Yeye ndiye aliyenisomesha," akasema, akatuma.

Wiki tano baadaye ombi lake lilisimamishwa: jina la baba halilingani na cheti cha kuzaliwa. Tuliandika barua ya maelezo, tukaambatanisha cheti chenye mstari, tukapeleka, tukaambiwa turudi, tukarudi. Nafasi ikatoka siku chache kabla ya kufunga usajili. Niliiandika tarehe kwenye daftari, nikaipigia mstari mara mbili.

Siku ya usajili nilimpigia asubuhi, hakupokea. Nikapiga saa 4, hakupokea. Saa 6 mchana akapokea, kukiwa na kelele za watu wengi nyuma yake.

"Niko kwenye foleni, Mwalimu. Mbele yangu wamebaki wanne."

Nikamuuliza kama ana nakala zote.

"Ninazo. Na ile barua ya bibi pia ninayo, wakiuliza."